Namba Moja wa Jumamosi

Siku ya kwanza kwenye meza ya mashindano ya jiu-jitsu nilidhani nimeitwa kupiga chapa barua. Nilikuwa karani wa ofisi ya michezo pale Rongo, na Ijumaa moja mkubwa wangu aliniambia kwamba kesho yake kuna vijana watakaokabana shingo katika ukumbi mmoja wa Migori, na wanahitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Nilikwenda na kalamu mbili, rula na sweta. Jioni nilirudi bila rula, nikiwa nimeandika majina ya vijana arobaini na mmoja, tisa kati yao wakiitwa Otieno. Mkubwa wangu akaniuliza kama nimeona damu. Nikamwambia sikuona kitu, nilikuwa naandika.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati, baada ya miaka kumi na miwili mezani. Ninyi mnaobaki mmeniomba niwaachie maandishi. Habari za kupanda cheo na za posho naziruka, maana za kwanza hazikutokea na za pili mnazijua. Nitaandika juu ya droo, ile ratiba ya nani anakutana na nani, na juu ya alama, na juu ya kosa moja langu ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni mimi huacha kijiko ndani ya sufuria nikasimama.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chacha, Mkuria wa Isebania, refa wa ndondi aliyekuwa amezeeka kuruka kamba lakini hajachoka kukaa karibu na ulingo. Alikuwa mpole, na alikunywa chai ya rangi tu kwa sababu, alisema, maziwa yanalaza jicho. Jambo la kwanza alilonifundisha ni mizani. Aliitafutia kigae kimoja kisichocheza, akaizungushia chaki, akasema mizani isihame hapo mpaka mtu wa mwisho apimwe. Wachezaji wetu hupimwa wakiwa wamevaa gi, lile vazi zito la pamba, na gi iliyofuliwa jana na kuanikwa kwenye mawingu ya Kendu Bay inaweza kukutoa kwenye kundi lako. Nimeona mtu mzima akiikausha gi kwa pasi ya makaa nje ya ukumbi, machozi yakimtoka.

Jambo la pili lilikuwa droo. Mzee Chacha alitandaza karatasi ya manila sakafuni, akapiga magoti, akachora mistari minane upande wa kushoto, ikawa minne, ikawa miwili, ikawa mmoja.

"Usianzie katikati," akaniambia. "Anza na ncha. Namba moja weka juu kabisa. Namba mbili weka chini kabisa. Hawa tunawaita vichwa. Wengine sita wapangwe kwa kura ya vikaratasi."

"Kwa nini namba mbili asikae tu karibu na namba moja?"

"Kwa sababu watu wamelipa nauli waone fainali, binti yangu. Hawakuja kuiona saa tatu asubuhi."

Sasa nani ni namba moja? Hapo ndipo alama zinapoingia, na hapo ndipo makocha huanza kukuita Madam kwa sauti tamu. Kwetu dhahabu ilikuwa alama tisa, fedha tatu, shaba moja. Mnajumlisha za msimu mzima, mnapanga kutoka juu kwenda chini, na wawili wa juu wanakuwa vichwa kwenye mashindano ya kufunga msimu, yale ya kanda. Watakaofika fainali ya kanda, wote wawili, wanakwenda Nairobi kwenye taifa. Anayebaki anabaki. Ukipandishwa mkanda, alama zako za mkanda wa zamani zinafutwa, unaanza na sifuri katikati ya wageni. Vijana huchukia sana hilo. Mimi nililipenda, kwa sababu lilinipunguzia kurasa.

Kesi ngumu hazikukosekana. Kulikuwa na jamaa mmoja mnene wa Oyugis, mtu wa watu, ambaye msimu mzima hakupata mpinzani wa uzani wake. Alikuja, akapimwa, akavishwa dhahabu, akapiga picha, akaenda zake kula samaki. Mwisho wa msimu akataka alama zake zote za dhahabu. Nilimweleza kwamba ushindi bila pambano hauna alama. Akaniuliza, "Sasa Madam, ni makosa yangu wanaogopa?" Alama sikumpa. Mara nyingine wasichana wawili wa klabu moja walifika fainali wakakataa kupigana. Hiyo ni desturi ya mchezo huu: wenzi wa klabu wakikutana fainali, kocha wao huamua nani achukue dhahabu. Wakakumbatiana mbele yangu, wakaniachia karatasi tupu. Mzee Chacha, mtu wa ndondi, aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wao. "Hawa wangekuwa wangu," akasema, "wangelala njaa." Kisha akaniambia nimwandikie dhahabu yule aliyetajwa na kocha, na nisitie maoni yangu kwenye fomu.

Alipostaafu macho yake yakiwa yameingia ukungu, meza ikawa yangu. Makocha wakaniita Madam Droo. Nilikuwa mkali, na nilipenda kusikia nikisemwa hivyo. Hakuna kocha aliyeweza kunihamishia mtu kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hata akija na ndizi. Nilikuwa na msemo wangu: alama ni alama. Niliutumia vibaya, kama mtakavyoona.

Karani wa droo, kwetu, ndiye pia aliyeandika rasimu ya kalenda. Kamati ilikuwa inaipitisha huku ikitafuna njugu. Kila mwaka niliweka mashindano Jumamosi. Nikiulizwa nilisema ukumbi hupatikana Jumamosi, na huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba Jumapili naimba kwaya, sauti ya pili, kanisani kwetu, na sikutaka kukosa. Hilo sikulisema kwa mtu, na nadhani hata kwangu mwenyewe sikulisema.

Upande wa Kendu Bay na Oyugis Wasabato ni wengi, na Jumamosi ni Sabato yao. Nililijua hilo kama ninavyojua kwamba ziwa lina maji. Kocha Ouma, anayefundisha klabu ndogo ya Kendu Bay kwenye darasa lililoachwa wazi, aliniletea barua akiomba angalau nusu ya mashindano yawe Jumapili. Nikamjibu kwamba kalenda imeshapitishwa. Nikaitoboa barua, nikaiweka kwenye faili, safi kabisa.

Msimu ninaousema ulikuwa na mashindano manane kabla ya yale ya kanda. Sita yalikuwa Jumamosi. Mawili yaliangukia Jumapili kwa sababu ukumbi ulikuwa umechukuliwa na harusi. Katika kundi la wasichana wa mkanda wa bluu, uzani mwepesi, namba moja alikuwa Boke. Boke ni msichana wa Isebania, mwembamba, mwenye mikono mirefu, asiyesema neno mpaka awe amelikagua. Alishinda Jumamosi tano, ya sita akawa wa pili, na Jumapili moja akawa wa pili pia. Hamsini na moja. Namba mbili alikuwa Lavender wa Oyugis mjini: dhahabu moja na fedha nne, ishirini na moja. Namba tatu alikuwa Ruth, Msabato wa Kocha Ouma. Ruth alicheza mara mbili tu, zile Jumapili mbili, na zote alichukua dhahabu. Kumi na nane. Ile Jumapili ambayo Boke alikuwa wa pili, aliyemshinda fainali ni Ruth. Jumapili nyingine Boke alikuwa amelazwa na malaria.

Kila mtu ukumbini alijua kwamba Boke na Ruth ndio wawili bora. Mwuza soda alijua. Lakini karatasi yangu ilisema Boke na Lavender.

Mashindano ya kanda yaliwekwa Jumapili, Homa Bay, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na mazishi matatu Jumamosi. Droo tulipiga Ijumaa mchana. Boke alifika mapema, peke yake, akasimama mbele ya meza yangu na mikono nyuma.

"Madam, naomba kitu. Si kwa ubaya."

"Sema."

"Namba mbili muweke Ruth. Lavender anajua. Nimemwuliza, amesema hana shida."

"Lavender ana ishirini na moja. Ruth ana kumi na nane. Wewe hesabu umesoma?"

"Nimesoma, Madam. Lakini Ruth hachezi Jumamosi. Akiwekwa kwenye kura anaweza kuniangukia mapema, na mmoja wetu ataenda nyumbani asubuhi. Mimi Januari naingia chuo cha uuguzi, mbali. Hakuna msimu mwingine. Nataka kufika taifa hata mara moja."

Ningeweza kumwambia kwamba kanuni hainiruhusu, na hiyo ingekuwa kweli. Ningeweza kuwaita makocha tukazungumza, na hiyo ingekuwa kazi yangu. Nilichosema ni hiki, mbele ya vijana wawili waliokuwa wakipanga viti:

"Namba moja anayechagua wapinzani! Unamwogopa?"

Wale vijana wakacheka. Boke aliinamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya wanapoingia kwenye mkeka, akaenda kukaa ukutani.

Nikaandika majina sita kwenye vikaratasi, nikavikunja, nikavitia kikombeni. Karatasi ya kwanza ndiyo inayoingia chini ya namba moja. Kocha Ouma mwenyewe ndiye aliyeombwa achomoe. Akaikunjua, akaisoma, akanipa. Ruth.

Nawaambia ukweli, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa woga kwamba watasema nimepanga. Kwa hiyo nikaandika jina la Ruth kwa herufi kubwa zaidi ya kawaida, watu waone kwamba sifichi kitu.

Jumapili baba yake Boke alikuja. Sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Ni mfugaji, mzee mwenye koti la sufi na fimbo, na Boke alikuwa amehangaika misimu mitatu kumshawishi aje kuona mchezo huu ambao binti anaangusha watu. Alikaa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti. Pambano lilikuwa la pili kwenye ratiba, saa tatu na robo asubuhi, wakati nusu ya watu bado wako nje wakitafuta chai.

Karani hafai kutazama mkeka, anafaa kumtazama refa. Siku hiyo nilitazama. Boke alimwangusha Ruth kwenye dakika ya kwanza, pointi mbili. Ruth akiwa chini akamkamata mkono na mguu, akampindua, mbili kwa mbili. Wakakaa hivyo dakika tatu nzima, wakivuta kola, wakihema, na wale wachache waliokuwa ndani wakaanza kusimama mmoja mmoja. Zilipobaki sekunde kama ishirini Ruth alipita miguu ya Boke, akamlalia ubavuni. Pointi tatu. Boke alijitahidi kutoka mpaka kengele. Tano kwa mbili. Sijaona pambano zuri zaidi la mkanda wa bluu katika miaka yangu yote, na liliisha kabla mgeni rasmi hajafika.

Yule mzee alikuja mezani. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mama," akaniambia, "walinieleza binti yangu ni namba moja."

"Ni kweli, Mzee."

"Nimepanda magari mawili. Nilifikiri namba moja anacheza mwisho."

Nikamweleza kwamba imetokea kwa kura. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa ng'ombe kwa lugha ya kitabu, akaenda kumsubiri Boke nje.

Ruth alimaliza nusu fainali kwa dakika moja na nusu. Fainali, dhidi ya Lavender, haikufika dakika mbili. Lavender aligonga mkeka kuomba aachiwe, akainuka akicheka. Mgeni rasmi akapiga makofi, akauliza kama hiyo ndiyo fainali. Wakati wa medali Ruth alikuja kusaini fomu yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hongera, nyathina, mtoto wangu," nikamwambia. "Mbona unalia?"

"Madam, mimi sikutaka kumtoa Boke saa tatu asubuhi. Kama ni kumtoa, ningemtoa jioni."

Jumatatu nilichukua likizo. Nikatandaza kalenda ya msimu mezani nyumbani, nikaweka duara kwenye kila Jumamosi. Duara sita, zote kwenye tarehe nilizoziandika mimi. Nikaitoa barua ya Kocha Ouma. Nilikuwa nimeifanya Sabato ya wenzangu ilipe gharama ya Jumapili yangu, na nilipoletewa jumla nikaiita haki. Hizo alama hamsini na moja za Boke zilikuwa za kweli, alizitolea jasho. Lakini alizipata kwenye chumba ambacho mimi nilikuwa nimemfungia mtu mmoja nje, na Boke hakuwa ameomba nifunge. Tena alipoliona tatizo, akaja kuniambia kwa unyenyekevu, nikamwita mwoga. Nililia kidogo, kisha nikaandika.

Niliandika mapendekezo mawili. La kwanza, mashindano yagawanywe, nusu Jumamosi na nusu Jumapili. La pili, kila mchezaji ahesabiwe matokeo yake mawili bora tu, si jumla ya yote, na wakilingana tuangalie nani alimshinda nani. Kamati ilibishana kwa muda wa saa tatu. Mmoja aliuliza kama sasa tutapangiwa kalenda na makanisa. Nikamwambia imekuwa ikipangwa na kanisa miaka yote, kanisa langu, na hakuna aliyejua kwa sababu kalamu nilikuwa nayo mimi. Kocha Ouma akatazama chini, akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. Mapendekezo yakapita kwa kura moja. Kwaya yangu ikanikosa kila mwezi tangu hapo, na hakuna aliyelalamika, jambo lililoniuma kidogo.

Vijana wangu, mtaambiwa kwamba kumweka mtu kichwa cha droo ni zawadi kwake. Mimi pia nilidhani hivyo. Ni ulinzi wa kundi zima, na anayeumia droo ikiwa mbovu mara nyingi ni yule mliyemwandika juu kabisa. Kwa hiyo namba zikikamilika msikimbilie kuzibandika ukutani. Kwanza ulizeni nani hakuwepo, na kwa nini.

Kabla ya Januari nilikwenda Isebania. Mama yake Boke ana duka la kushona sare za shule karibu na soko la mahindi, na Boke alikuwa mlangoni akitoa nyuzi kwenye sketi. Aliniletea kiti na soda. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa lile neno nililomwambia mbele ya watu, kwamba anaogopa.

"Nilikuwa naogopa, Madam," akasema. "Si Ruth. Niliogopa kurudi mapema."

Nikampa nakala ya kanuni mpya. Aliisoma yote, mpaka sahihi za chini, huku uzi ukining'inia kidoleni.

"Kwa hii," akauliza, "msimu wangu ule ningekuwa namba ngapi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu, tena zaidi ya mara moja. Kumi na nane zake, kumi na nane za Ruth, kumi na mbili za Lavender, na ile fainali ya Jumapili ndiyo ingeamua.

"Namba mbili," nikamwambia.

"Namba mbili anawekwa chini kabisa. Upande ule mwingine."

"Ndiyo."

"Tungekutana fainali. Jioni."

"Mngekutana fainali."

Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili, akaokota sketi yake.

"Ningeichukua hiyo namba mbili, Madam," akasema, na akaendelea kutoa nyuzi.